Hakuna Godoro Lililorudi

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, siku ya Jumatatu, ukumbi wa kupumzishia povu ulikuwa mtupu.

Mkaguzi wa ndani wa kiwanda cha magodoro alisimama mlangoni, mkoba begani, akautazama. Ukumbi huo ulijengwa kwa kazi moja. Povu likishamiminwa huumuka kama unga uliotiwa hamira, likawa bonge refu kama gari dogo, na hata ngozi yake ikipoa, kiini chake hubaki na moto. Ndiyo maana mabonge yaliletwa hapa, yakapangwa kwa kuachiana nafasi, yakakaa siku tatu mpaka yapoe na kukomaa, ndipo kisu kiyaguse. Mkaguzi alikuwa hajaingia humu kwa zaidi ya mwaka, na zamani, kila alipoingia, hakuwahi kuiona sakafu ya ukumbi ule. Leo aliiona yote, pamoja na mistari ya njano iliyoonyesha mahali pa kila bonge, na pikipiki mbili zilizoegeshwa juu ya mistari hiyo.

"Unatafuta nini humu, mama? Humu hata panya wamehama."

Alikuwa msimamizi wa ukataji, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Makasi.

"Natafuta mabonge."

"Mabonge yako kwangu. Yanakatwa."

"Yalimiminwa lini?"

"Jana."

"Jana Jumapili?"

"Mama, siku hizi Jumapili imebaki jina tu."

"Na zile siku tatu zimeenda wapi?"

Makasi alicheka, lakini kabla ya kucheka macho yake yalikwenda mlangoni, yakarudi. "Bosi alisema godoro ni la kulaliwa, lenyewe lisilale. Tukacheka wote. Kesho yake ukumbi ukafungwa."

"Kesho yake ya lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Aliandika agizo?"

"Yule? Yule haandiki. Yule anasema leo, na leo inafika."

"Na wewe, fundi mzima, ulisema nini?"

"Nilisema, 'Ndiyo, mzee.' Mwenzangu alisema, 'Lakini, mzee.' Mwenzangu sasa hivi anauza viatu."

Aliondoka akipiga mluzi. Mkaguzi alibaki akiitazama mistari ya njano.

Mkurugenzi mkuu waliyemzungumzia aliitwa Leo-Leo, na jina hilo alilijua, akalipenda. Alikuwa na miaka miwili kiwandani. Aliyemtangulia alikuwa mzee mpole aliyelifikiria jambo mpaka jambo lenyewe linasahau lilichojia. Leo-Leo alifika kazini kabla ya walinzi kubadilishana zamu, aliwajua wafanyakazi kwa majina ya watoto wao, na aliamua mambo akiwa amesimama. Tangu aje, faida ilikuwa imepanda kila robo ya mwaka, bila kukosa. Alhamisi ya wiki hiyo bodi ingekaa kuamua mambo mawili: apewe miaka mitano mingine, na apewe ruhusa ya kujenga kiwanda cha pili kwa utaratibu wake. Kabla ya kura, mkaguzi angetakiwa kusimama na kusema sentensi moja: kwamba faida ile ni ya kweli na itadumu.

Leo-Leo alikuwa pia shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee.

Hilo mkaguzi hakulificha. Siku mkurugenzi alipoajiriwa, aliiarifu bodi. Mwenyekiti, mjane wa mwanzilishi wa kiwanda, ambaye wote walimwita Mama Mwenyekiti, alimjibu mbele za watu: "Mwanangu, katika mji huu nani si shemeji ya nani? Kaa na kazi yako. Ukipinda tutakuona."

Hakupinda. Kwa wiki mbili zilizopita alikuwa ametafuta alichozoea kutafuta faida inapopanda bila kupumzika: wateja hewa, mauzo ya mdomoni, magodoro yanayohesabiwa yameuzwa nayo yamelala ghalani. Alifuata malori mpaka yanakoshushia mizigo. Magodoro yalifika kweli, wanunuzi walikuwa watu wenye nyama na mifupa, na fedha ziliingia benki. Kila kitu kilikuwa safi. Mtu mwingine angefunga jalada akanywe chai. Yeye usafi ule ulimtia shaka zaidi, kama nyumba yenye watoto ambayo mgeni anaikuta haina hata kijiko sakafuni.

Mchana wa siku hiyo wakuu wa idara waliitwa kumsikiliza mshauri. Huyu alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamivu, koti lililomkaa vizuri na sauti ya upole, aliyeletwa kueleza ni kwa nini kampuni inafanya vizuri. Alionyesha picha ukutani. Alisema utafiti wake umegundua sifa nne za kiongozi zinazokwenda sambamba na faida: umri wa kati, elimu ya juu, uzoefu kutoka nje ya sekta, na wepesi wa kuamua. Mkurugenzi wetu, alisema, anazo zote nne. Mstari mwekundu ulipanda ukutani kutoka kushoto kwenda kulia, na watu wakaupigia makofi kana kwamba umetoka kukimbia mbio.

Mkaguzi aliinua mkono.

"Mwalimu, nisaidie. Hapa kwetu umelinganisha wakurugenzi wangapi?"

"Hapa kwenu ni wawili. Aliyepita na aliyepo."

"Wawili. Na mwaka huyu aliyepo alipoingia, kile kiwanda kingine cha magodoro, ng'ambo ya reli, hakikufungwa?"

"Kilifungwa, ndiyo."

"Wateja wake walikwenda wapi?"

"Hayo ni mambo ya mazingira ya soko."

"Umeyapima?"

"Hayakuwa sehemu ya utafiti."

"Wahenga walisema jogoo awike asiwike, kutakucha. Wewe umempima jogoo, mwalimu. Jua umeliacha nje."

Kicheko kilizuka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Leo-Leo mwenyewe. Alisimama, mikono ya shati imekunjwa, akaja mpaka mbele ya meza ya mkaguzi.

"Shemeji, nimeitwa mengi. Jogoo ni heshima." Akasubiri kicheko cha pili kipite. "Lakini na mimi niulize. Mwaka mzima huu, pale langoni kwetu, limerudi godoro gani?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa limebandikwa langoni kwa herufi kubwa. Zamani magodoro yenye kasoro yalikuwa yakirudi, machache kila mwezi. Leo-Leo aliweka utaratibu: mwezi ukipita bila godoro kurudi, wakuu wa idara wote wanapata nyongeza. Tangu utaratibu huo uanze, hakuna godoro lililorudi.

"Hakuna," alisema. "Namba hazina shemeji."

Makofi yakalipuka. Mkaguzi hakutazama waliopiga. Alimtazama mkuu wa mauzo, mtu mtanashati aliyeitwa Manukato kwa kuwa harufu yake ilitangulia kufika. Manukato alipiga makofi pia, ila alichelewa, na alipopiga alikuwa anaitazama kalamu yake.

Jumanne jioni mkaguzi alikwenda kwa mdogo wake. Hakwenda kuchunguza. Mdogo wake alimpigia simu akasema, "Njoo tuongee, na usije na mkoba wako wa kazini." Alimkuta chumbani anatandika kitanda, mto mmoja chini ya kidevu, akihangaika kuuingiza katika foronya.

"Shika huku, dada."

Mkaguzi alishika ncha ya shuka. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemsomesha huyu, akamsuka nywele, akamsindikiza kwa mume. Walitandika pamoja bila kuambiana nani avute wapi.

"Nikuulize," mdogo wake alisema. "Mume wangu unamtafutia nini?"

"Simtafutii yeye. Natafuta kwa nini faida imepanda."

"Imepanda kwa sababu anafanya kazi! Huyu mtu anaamka kabla ya majogoo unaowasema. Ndiyo, nimeambiwa. Wewe ukiona ua zuri lazima uchimbe uone kama chini kuna mzoga?"

"Nikichimba nisipoukuta, nitasema sikuukuta."

"Na jina lake litakuwa limeshachimbwa." Aliutupa mto kitandani. "Dada, hii nyumba tumeichukua kwa sababu ya hiyo miaka mitano. Watoto tumewahamisha shule kwa sababu ya hiyo miaka mitano. Alhamisi ikiharibika, usije ukaniambia hukujua unabomoa kwa nani."

Mkaguzi aliendelea kutandika. Alikuwa ameinua pembe ya godoro ili achomekee shuka, na chini ya kidole chake akaona ukingo wenye mshono mzito na mstari wa kijani. Mstari wa kijani uliachwa kutumika Leo-Leo alipoingia.

"Hamjabadilisha godoro? Mke wa mkurugenzi mzima?"

"Nimemsema mpaka mdomo umechoka. Walituletea jipya, akampa mlinzi. Anasema hili limeshauzoea mgongo wake." Mdogo wake alipunguza sauti, hasira ikiwa imempungua kidogo. "Na ule wimbo wenu wa tangazo redioni mliuacha kwa nini? Nilikuwa naupenda. Siku hizi siusikii kabisa."

Mkaguzi aliichomekea shuka polepole. Na yeye alikuwa hajausikia.

Mlango wa mbele ulifunguliwa, na sauti ya mwenye nyumba ikaingia kabla yake. Alipotokea mlangoni na kumwona mkaguzi ameinama juu ya kitanda, alipiga kofi moja.

"Ala! Shemeji, unanikagua mpaka kitandani?"

"Shemeji ni nusu ya mke," mkaguzi alisema. "Nusu yangu inakagua."

Alicheka, wote wakacheka. Lakini macho ya Leo-Leo yalishuka mpaka pembe ya godoro, yakakaa hapo kitambo, kisha akauliza kama chai iko tayari.

Njiani kurudi nyumbani mkaguzi aliligeuzageuza jambo lile. Mtu anaweza kulipenda godoro lake la zamani. Watu hupenda viatu vya zamani. Huo haukuwa ushahidi. Na hata ungekuwa ushahidi, ulitoka katika chumba cha kulala cha mdogo wake, alikoingia kama dada. Aliuweka kando. Wimbo wa redio ulikuwa kitu kingine. Wimbo ulikuwa mali ya kampuni.

Jumatano asubuhi alithibitisha alichokuwa anakikumbuka: gharama za matangazo hazikuwa zimepungua. Zilikuwa palepale zilipokuwa wakati wimbo ulipokuwa ukipigwa kila saa, na kwa kuwa zilikuwa palepale hakuna mtu aliyewahi kuzitazama, yeye akiwamo. Alikwenda ofisini kwa Manukato.

"Redio mliiacha lini?"

"Mkaguzi, redio nani anaisikiliza siku hizi?"

"Mdogo wangu. Kile kilichokuwa kinalipa redio sasa kinalipa nini?"

"Zawadi. Wakala akiuza vizuri, tunampa magodoro ya shukrani. Hilo ni tangazo linalotembea."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na kila mwezi zawadi zinaongezeka?"

Manukato aliifungua kalamu yake, akaifunga. "Shukrani haina kipimo."

"Aliyekuagiza ni nani?"

"Hakuna aliyeniagiza. Mimi ni mkuu wa idara, nina mamlaka yangu." Kisha, bila kuulizwa, aliongeza: "Bosi anataka matokeo. Kwake asiye na suluhisho asiende na tatizo. Wewe ulishawahi kumpelekea tatizo?"

"Namkagua. Ni kazi yangu."

"Basi wewe una bahati," Manukato alisema.

Duka la wakala wa kwanza lilikuwa katika mtaa wa vioo na vifaa vya ujenzi. Wakala alikuwa mama mnene mwenye miwani shingoni, anayeuza akiwa ameketi juu ya bidhaa yake. Mkaguzi alijitambulisha kwa cheo na kazi, akaeleza alichokuja kuuliza. Aliposikia neno "shukrani" yule mama alicheka mpaka miwani ikarukaruka kifuani.

"Shukrani! Nani anashukuriwa hapa? Dada yangu, mteja akija na godoro limebonyea katikati kama bakuli, mimi nimwambie nini? Ananiambia, 'Mama, nikilala na mume wangu tunakutana katikati hata tukiwa tumegombana.' Nimwambie nini mtu kama huyo?"

"Lina dhamana ya miaka mitano. Kwa nini hulirudishi kiwandani?"

"Nilirudisha! Nilikodi gari kwa fedha yangu. Mlinzi wenu akanizuia langoni, eti agizo ni kwamba hakuna kinachorudi. Nikapiga kelele. Akaja yule bwana wenu anayenukia. 'Mama, usituchafulie jina hapa getini. Rudi nayo, nitakuletea zawadi uwabadilishie wateja kimya kimya.' Na kweli, ahadi ametimiza. Ila sasa zawadi hazitoshi."

"Mabovu unayaweka wapi?"

"Njoo uone makaburi."

Nyuma ya duka, chini ya turubai, magodoro yalikuwa yamelundikwa mpaka kimo cha mtu. Mafundi wa viti walikuwa wakija kuyanunua kwa bei ya kutupa, wayakate wajazie mito. Mkaguzi alivua koti, akayapitia moja moja akisoma tarehe iliyopigwa muhuri kwenye kitambaa. Yote yalikuwa ya baada ya mwezi wa tatu wa mwaka jana. La kabla ya hapo hakulikuta hata moja, ingawa magodoro ya kabla ya hapo yalikuwa mengi zaidi mjini na yalikuwa yamelaliwa kwa muda mrefu zaidi. Alikwenda kwa wakala mwingine, na mwingine. Turubai zilitofautiana rangi, tarehe hazikutofautiana.

Alirudi ofisini akaipanga hoja yake, akiondoa kila kitu ambacho hakukiona kwa macho au kukishika kwa mkono. Sehemu ya faida ilitokana na kufungwa kwa kiwanda cha ng'ambo ya reli. Yeyote angekuwa kwenye kiti kile angeipata. Sehemu ilitokana na kukata povu kabla halijakomaa: magodoro mengi zaidi kwa mashine zilezile. Magodoro hayo yalianza kuharibika ndani ya mwaka, na gharama ya kuyabadilisha ilikuwa imevalishwa nguo ya matangazo. Na mengi yaliyouzwa miezi ya karibuni yalikuwa bado hayajabonyea. Faida ya mwaka huu ilikuwa imekatwa kutoka mwaka ujao.

Alichokosa ni kitu kimoja. Je, shemeji yake alijua? Alilikabili swali hilo kwa pande zote, na kila upande ulimpeleka kwenye mstari wa kijani. Alijiambia kwamba si swali la mkaguzi. Hakujiamini alipojiambia hivyo.

Alhamisi bodi ilikaa saa nne asubuhi. Wajumbe walikuwa watano, mmoja wao Mama Mwenyekiti, aliyekaa kichwani mwa meza, mikono imekunjwa juu ya kitambaa chake cha begani. Mshauri alionyesha mstari wake mwekundu. Leo-Leo alizungumza kuhusu kiwanda cha pili, ambacho katika mchoro hakikuwa na ukumbi wa kupumzishia, na alizungumza vizuri. Hata mkaguzi alijikuta anaona kiwanda kile kimesimama. Kisha zamu yake ikafika.

Alisema kwa ufupi, bila kupandisha sauti. Alipomaliza, mjumbe mmoja, aliyekuwa amempendekeza Leo-Leo tangu mwanzo, alikohoa.

"Samahani, Mama Mwenyekiti. Huyu ni shemeji yake. Mimi na wewe tunajua familia zinavyokuwa. Tunajuaje hakuna ugomvi wa nyumbani umeletwa hapa?"

"Ni swali halali," mkaguzi alisema.

"Na hao mawakala kawachagua mwenyewe," mjumbe aliendelea.

"Hilo pia ni kweli."

Leo-Leo aliinua mikono kama mtu anayewatenganisha wagomvi. "Jamani, msimshambulie shemeji yangu. Amefanya kazi yake. Mawakala wana maneno; wakala akikuona una gari zuri anataka punguzo. Mimi nasema twende mbele. Kama kuna tatizo la povu, nitalimaliza leo."

Mama Mwenyekiti alinyoosha mkono.

"Nipeni majina ya mawakala wote."

Aliletewa. Alivaa miwani, akapitisha kidole chini taratibu, akakisimamisha mahali ambapo mkaguzi hakuwahi kufika, upande wa pili wa mji.

"Huyu. Twendeni."

"Sasa hivi, Mama?" Leo-Leo aliuliza.

"Si umesema leo?"

Walikwenda kwa magari mawili, mkurugenzi na Manukato, aliyeitwa kutoka ofisini kwake, wakiwa gari moja na Mama Mwenyekiti, ambaye aliwaomba waweke simu zao kwenye mkoba wake ili, kama alivyosema, kelele zisimuumize kichwa. Mkaguzi alikuwa gari la pili, pamoja na wajumbe wengine na katibu wa bodi. Hakujua watakuta nini, na alijua kwamba hakujua. Kama nyuma ya duka lile pangekuwa patupu, hoja yake ingekuwa ya maduka matatu na ugomvi wa familia.

Wakala alikuwa kijana mrefu aliyekuwa akipanga magodoro barabarani mbele ya duka. Aliwaona watu waliovaa vizuri wakishuka, akatabasamu kibiashara. Kisha akamwona Manukato, na tabasamu likageuka la mtu anayemfahamu mgeni wake.

"Kaka! Afadhali umekuja mwenyewe. Umeniletea zawadi zangu? Safari hii niongezee, wallahi. Yamezidi. Jana mteja kanivulia shati dukani anionyeshe mgongo!"

Manukato alitazama chini.

"Yamezidi nini, mwanangu?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

"Si haya, mama," kijana alisema, akashika turubai iliyokuwa ukutani, akaivuta.

Chini yake palikuwa na lundo la magodoro yaliyobonyea. Mama Mwenyekiti alilisogelea lundo, akasoma muhuri wa godoro la juu, na la pili, na la tatu. Kisha alimgeukia mkurugenzi.

"Keti."

"Mama?"

"Hapo. Keti tukuone."

Kijana alikuwa ameshalishusha godoro moja sakafuni. Leo-Leo aliketi katikati. Povu lilimshusha mpaka magoti yakawa juu ya kiuno, na mjumbe aliyempendekeza akageuza uso akatazama barabarani.

"Ulijua?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

"Sikuambiwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila haikuwa na kicheko nyuma yake. "Nitaapa popote. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia."

"Ulisema asiye na suluhisho asije," Manukato alisema, bado anatazama chini. "Mimi niliona suluhisho."

Mama Mwenyekiti alimgeukia mkaguzi.

"Wewe uliyepitia kila kitu. Alijua?"

Mkaguzi alimtazama shemeji yake aliyekuwa amezama katika godoro, mikono imeshika kingo. Leo-Leo naye alikuwa anamtazama, na katika macho yake aliona kwamba anaikumbuka Jumanne jioni, pembe ya kitanda na kidole chake. Alikuwa anasubiri.

"Siwezi kuthibitisha kwamba alijua," mkaguzi alisema. "Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba alikata siku tatu bila kupima, akaweka nyongeza kwa lango lisilopokea kitu, na mwaka mzima hakuuliza kwa nini halipokei."

"Na sentensi yako? Faida ni ya kweli na itadumu?"

"Siisemi."

Mama Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Alimwomba kijana kiti, akaletewa, akaketi kati ya magodoro mapya na mabovu, akawaita wajumbe wamzunguke.

"Bodi imekaa ofisini, inaweza kukaa na hapa. Wanaotaka apewe miaka mitano mingine na hicho kiwanda cha pili."

Ulipanda mkono mmoja, wa mjumbe aliyempendekeza. Ulisimama hewani kwa muda, kisha ukashuka wenyewe.

"Wanaokataa."

Mikono ya wajumbe wengine watatu ilipanda. Mama Mwenyekiti aliinua wa kwake wa mwisho, akamwambia katibu aandike.